VPN yako inafungia mzigo wapi? Mambo ya keneli baada ya Oktoba 2025



Tangu uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 neno VPN limekuwa kama neno bando, kila kijana analo mdomoni. Ukiingia kijiweni unasikia "wewe unatumia ipi?", "hiyo yako inakamata?", "nirushie basi". Sawa, si vibaya. Lakini kuna swali moja ambalo sijasikia mtu akiuliza, na mimi naona ndilo kubwa kuliko hilo la ipi na ipi: hiyo VPN yako inafungia mzigo wako WAPI? Yaani ule ujumbe unaposimbwa ili mtu wa njiani asiusome, kazi hiyo inafanyika sehemu gani ya mashine, na sehemu hiyo ni ya nani?

Kabla ya kuingia ndani tukumbushane tulikotoka, maana watu wetu wanasahau haraka. Mwaka 2018 Uganda walianzisha kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 zao kwa siku, na watu wakakimbilia VPN ili wasilipe. Januari 2021, siku ya kuamkia uchaguzi wao, wakazima intaneti nzima kwa siku kadhaa. Huku kwetu Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa wakati wa uchaguzi, na wengi walipita kwa VPN. Oktoba 2023 TCRA ikatoa tangazo kwamba watu binafsi na makampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo, ikiwa ni pamoja na anwani ya IP. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa baada ya akaunti ya polisi kudukuliwa. Halafu ikaja Oktoba 2025, siku ya kura, na hapo hawakufunga mtandao mmoja mmoja tena. Walizima njia yenyewe, nchi nzima, siku kadhaa.

Tofauti ya 2020 na 2025 ni kubwa sana jamani, tusiipite hivi hivi. Mwaka 2020 barabara ilikuwepo ila kulikuwa na vizuizi, kwa hiyo mwenye VPN alizunguka. Mwaka 2025 barabara haikuwepo. VPN ya bei yoyote, ya ufundi wowote, haitembei hewani. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia VPN kwa maneno "hata wakizima wewe unapeta", huyo anakula hela yako.

Sasa turudi kwenye swali letu.

Kila mashine, iwe kompyuta ya kafe, simu yako au seva ya Ulaya, ina kiini cha mfumo endeshi. Mafundi wanakiita keneli. Keneli ni kama baba mwenye nyumba kwenye nyumba ya kupanga. Yeye ndiye mwenye mita ya LUKU, yeye ndiye mwenye funguo za geti, na hakuna mpangaji anayepitisha kitanda getini bila yeye kujua. Programu zote nyingine (kivinjari, WhatsApp, mchezo wa mpira) ni wapangaji. Zinaomba, keneli inatoa au inakataa.

Kuna aina ya VPN inaitwa IPsec. Ni ya zamani, makampuni na mabenki yanaitumia sana kuunganisha matawi, na simu nyingi zinaielewa. Kwenye Linux moja ya programu maarufu za IPsec ni strongSwan, ambayo chimbuko lake ni Uswisi, kazi ya profesa Andreas Steffen wa chuo cha Rapperswil. Ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Ilitokana na mradi wa zamani uitwao FreeS/WAN, na hapa kuna kituko kidogo: ule mradi ulikuwa haupokei hata mstari mmoja wa kodi kutoka kwa raia wa Marekani, kwa sababu sheria za Marekani za miaka hiyo zilibana usafirishaji wa teknolojia ya usimbaji nje ya nchi. Kwa hiyo wanaodhani serikali kuogopa usimbaji ni ugonjwa wa Afrika peke yake wajue hivyo.

Kawaida IPsec inagawana kazi sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mazungumzo: mashine yako na seva zinasalimiana, zinahakikiana, zinakubaliana funguo. Kwenye strongSwan kazi hiyo inafanywa na mpangaji mmoja aitwaye charon. Sehemu ya pili ni kazi ngumu yenyewe, kufunga na kufungua kila pakiti, maelfu kwa sekunde. Hiyo charon haifanyi. Inamkabidhi baba mwenye nyumba funguo, halafu keneli ndiyo inafunga na kufungua.

Mpango huo ni mzuri pale keneli ni ya kwako. Shida inaanza pale ambapo keneli si yako, na vijana wa hali yetu karibu kila keneli tunayoigusa si yetu. Ya kafe si yetu. Ya simu ni ya kiwanda. Ya seva ya kukodi ile ya bei ya chini kabisa, mara nyingi unapewa kontena tu, chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu, na keneli mnatumia wapangaji wote. Huwezi kuongeza kitu ndani yake. Kama mwenye seva hakuwasha IPsec kwenye keneli yake, imekula kwako. Na kwenye ruta na simu za zamani keneli inaweza kuwa na IPsec lakini haijui mbinu mpya za usimbaji. Mfano ChaCha20-Poly1305, ambayo ni nyepesi kwa vifaa vya bei nafuu, haikuwemo kwenye IPsec ya keneli za Linux za zamani.

Hapo ndipo inapoingia programu jalizi ya strongSwan inayoitwa kernel-libipsec. Ipo tangu 2013. Jina linachanganya kwa sababu lina neno kernel, lakini kazi yake ni kinyume: inaitoa kazi ya kufunga pakiti ndani ya keneli na kuileta nje, kwa mpangaji charon mwenyewe. Inavyofanya ni hivi. Inatengeneza mlango wa bandia wa mtandao, aina inayoitwa TUN, na kwa kawaida unaonekana kwa jina ipsec0. Keneli ikiwa na pakiti ya kwenda mbali inaisukuma kwenye huo mlango ikidhani ni kadi ya mtandao ya kawaida. Charon anaidaka upande wa pili, anaifunga kwa kutumia maktaba zake mwenyewe za usimbaji, halafu anaituma nje kama pakiti ya kawaida ya UDP. Baba mwenye nyumba anaona bahasha tu inatoka getini. Hakuombwa kufunga kitu.

Kuiweka si uchawi. Ukijenga strongSwan kutoka kwenye chanzo unaongeza --enable-kernel-libipsec pale kwenye ./configure. Jambo la kuangalia ni mpangilio: lazima ipakiwe kabla ya kernel-netlink, maana anayewahi ndiye anayepewa kazi ya IPsec. Lakini usiitoe hiyo kernel-netlink, bado inahitajika kwa kupanga njia na anwani. Ukiwasha charon, kwenye kumbukumbu zake utaona ametengeneza ipsec0. Ukitaka uhakika zaidi, unganisha VPN halafu andika ip xfrm state. Hiyo amri inaonyesha kazi za IPsec zilizo mikononi mwa keneli. Ikija tupu na VPN inapitisha mawasiliano, ujue mzigo unafungiwa nje, ndivyo tulivyotaka.

Kuna mtego mmoja unaosumbua watu. Ukitaka kulinda mawasiliano yako na anwani ile ile ya seva ya VPN (yaani si mtandao ulio nyuma yake, ni seva yenyewe) programu jalizi itagoma. Ina sababu. Ikiweka njia kwamba kila kinachokwenda kwenye anwani ile kipite ipsec0, basi hata bahasha zake yenyewe zilizokwisha kufungwa zitarudishwa ipsec0, zifungwe tena, na tena... mbwa anafukuza mkia wake. Dawa ni kuzipaka bahasha zilizofungwa alama. Kwenye strongswan.conf unaweka fwmark = 0x42 kwa socket-default, unaweka fwmark = !0x42 kwa kernel-netlink, na allow_peer_ts = yes kwa kernel-libipsec. Maana yake kwa Kiswahili: zenye alama ziache zipite mlango wa kawaida, zisizo na alama ziende kufungwa. Hiyo namba 0x42 si ya lazima, weka unayotaka ila ifanane sehemu zote mbili.

Sasa wale wa "hii ndiyo ukombozi" watulie kwanza.

Kuna masharti. Inafanya kazi kwa mtindo wa handaki tu, ule mtindo mwingine wa IPsec unaoitwa usafirishaji haupo. Kwa kawaida inalazimisha kila kitu kivikwe UDP. Na kwenye Linux ya kawaida bado unahitaji ruhusa ya msimamizi ili kutengeneza huo mlango wa TUN, na kwenye kontena la kukodi lazima mwenye seva awe ameruhusu /dev/net/tun. Kwa hiyo hujamkimbia baba mwenye nyumba moja kwa moja. Umempunguzia tu unachomuomba. Zamani ulikuwa unamuomba akufungie mzigo kwa mikono yake, sasa unamuomba mlango mmoja.

Halafu kuna kasi. Kila pakiti sasa inatoka kwenye keneli kwenda kwa charon, inafungwa, inarudi kwenye keneli, ndiyo inatoka nje. Geti linapitwa mara mbili. Hesabu zenyewe za usimbaji si tatizo sana kwa prosesa za kisasa, tatizo ni hiyo nenda rudi. Kwa mtu mmoja anayesoma habari hutagundua tofauti. Kwa seva inayobeba watu wengi utaigundua, na prosesa itachemka. Kwenye simu inakula chaji. Kwa hiyo kama keneli ni yako na ina IPsec nzuri, usiiguse hii programu jalizi, utajipunguzia kasi bure.

Na ndiyo maana ukiangalia dunia nzima inavyokwenda, wengine wanakimbia upande wa pili kabisa. WireGuard iliingizwa ndani ya keneli ya Linux mwaka 2020, toleo 5.6, na watu wakaisifu kwa mbio zake. OpenVPN, ambayo maisha yake yote ilikuwa inafungia nje, ikaanza na toleo 2.6 mwaka 2023 kuruhusu kazi hiyo irudi ndani ya keneli, na mwaka 2025 sehemu hiyo ikapokelewa rasmi kwenye Linux 6.16. Sababu ni ile ile, kasi. Wenye seva kubwa wanataka ndani. Wasio na keneli yao wanataka nje. Mimi sioni kama kuna aliyekosea, kila mtu anapiga hesabu kulingana na nyumba anayoishi.

Ila ndani nako kuna gharama yake, na hii haisemwi sana. Programu ya kawaida ikiwa na kosa, inakufa yenyewe na mashine inaendelea, au mwizi anaingia chumba kimoja. Keneli ikiwa na kosa, mwizi ameingia chumba cha baba mwenye nyumba na funguo zote zipo mezani. Mwaka 2017 kwenye mashindano ya Pwn2Own kule Vancouver, Canada, kuna timu iliteka Ubuntu ikapata mamlaka yote kwa kutumia kosa lililokuwa kwenye keneli ya Linux, tena sehemu ile ile inayoshughulikia IPsec. Kosa lilirekebishwa.

Na simu? Hapa ndipo wengi wenu mnaguswa bila kujua. Android haimruhusu mtu wa kawaida kugusa keneli ya simu yake. Lakini tangu Android 4.0 ya mwaka 2011 kuna utaratibu: programu inaomba mlango wa TUN, simu inakuuliza unakubali au la, ukikubali inatokea ile alama ya ufunguo juu ya kioo. Kufunga na kufungua kunafanywa na programu yenyewe, nje ya keneli. Programu ya strongSwan ya Android inatumia maktaba ile ile ya libipsec tunayoizungumzia. Kwa hiyo jambo hili linaloonekana la mafundi wa Uswisi, ukilifikiria, ndilo linalowezesha mtoto mwenye simu ya mtumba kuwa na VPN bila kuomba ruhusa kiwandani.

Lakini kuna upande wa pili wa sarafu. Kama anayefunga mzigo ni programu, basi programu hiyo ndiyo inauona mzigo kabla haujafungwa, na mwenye seva anauona ukishafunguliwa. Swali la "keneli ni ya nani" linageuka kuwa "programu ni ya nani". Facebook waliinunua Onavo mwaka 2013, wakawa wanatoa VPN yake bure kwa jina la kulinda watu. Kumbe ilikuwa inakusanya taarifa za programu gani watu wanatumia kwenye simu zao. Mwaka 2018 ikaondolewa kwenye duka la Apple, na 2019 wakaifunga. Hiyo ni kampuni inayojulikana dunia nzima. Sasa zile VPN za bure mnazorushiana kwa Bluetooth, zisizo na hata jina la aliyetengeneza, nyie wenyewe mjaze.

Na nyie wa kafe, nawapenda lakini niwaambie ukweli. Ukikaa kwenye kompyuta ya mtu, keneli ni yake, na kibodi ni yake. Kama kuna programu inayonakili kila herufi unayobonyeza, inanakili kabla hata VPN haijaanza kazi. Ufungie ndani, ufungie nje, haisaidii.

Jambo lingine: kufungia nje ya keneli hakukufichi. IPsec inajulikana kwa milango yake, UDP 500 na 4500. Mtoa huduma wako haoni ulichobeba, lakini anaona wazi kwamba unabeba, unapeleka seva gani na saa ngapi. Akitaka kuifunga anafunga milango miwili tu. Kwa mtu anayetaka kulinda nywila zake za benki asisomwe na mtu wa wifi ya hotelini, hiyo inatosha kabisa. Kwa mtu anayetaka isijulikane kama ana VPN, chombo hiki si chake.

Sasa sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, ile kanuni ya 16(2) ambayo TCRA waliikumbusha kwenye tangazo la 2023, inakataza kutoa, kuwa nayo au kusambaza teknolojia inayowezesha mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote pamoja. Milioni tano, wadau. Kwa mtu anayelipia kafe kwa saa hiyo si faini, hicho ni kifungo kwa jina lingine. Ndiyo maana nasema mwenye kazi inayohitaji VPN afuate ule utaratibu wa kutoa taarifa, asijifanye mjanja kwa sababu kasoma makala.

Lakini utaratibu wenyewe tuuangalie kwa macho ya ufundi, maana hapo ndipo mimi naona haujakaa sawa. Unaombwa anwani ya IP. Kampuni yenye ofisi mjini na laini ya kudumu ina anwani yake, inajaza, imemaliza. Kijana wa simu je? Kwenye mitandao ya simu watu wengi sana wanawekwa nyuma ya anwani moja, na anwani yenyewe inabadilika. Asubuhi unayo hii, mchana ile, jioni mnayo wewe na watu usiowajua. Hiyo ndiyo sababu IPsec huvikwa UDP ikikutana na mitambo ya kugawana anwani: bila hivyo pakiti zake zinapata tabu kupita. Teknolojia imekubali kwamba mtu wa simu hana anwani yake. Fomu bado inamuuliza anwani yake.

Na sheria haitofautishi. Benki inayounganisha tawi la Mwanza na makao makuu, fundi anayesimamia kompyuta za duka la mjomba wake kutoka chuoni, msichana anayejifunza Linux kwenye seva ya kukodi, na yule anayetaka kuona kilichofungwa, wote wanatumia chombo kimoja, usimbaji ule ule, milango ile ile. Ukiangalia kwa nje huwezi kuwatenganisha, ndiyo kazi ya usimbaji hiyo. Kwa hiyo anayetekeleza sheria hii ana njia mbili: aamini watu wanachosema wenyewe, au afungue simu zao aangalie ndani. Hiyo njia ya pili haihitaji kuvunja usimbaji wowote. Inahitaji mtu akusimamishe barabarani na kusema "hebu lete simu hiyo", na ile alama ya ufunguo iwe inawaka juu ya kioo.